Maranda Kwenye Buibui

Bi Rukia alizikwa Malindi siku ya jua kali, baada ya sala ya adhuhuri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo ada, tumekaa juu ya mikeka tangu ukumbini hadi uani, wengine wakisoma, wengine wakilia kimya kimya. Habari ilikuwa imenikuta karakana na sikungoja hata kubadili viatu. Mama mmoja nisiyemjua alinisogezea nafasi, na nilipoinua macho nikamwona Saumu ameegemea ukuta wa upande wa pili, mtandio umemtelemka mabegani, macho mekundu. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka, yeye akiezeka nyumba za watu huko Kilifi, mimi nikihangaika na milango na vitanda hapa mjini. Aliinuka, akanishika mkono, akaniongoza hadi kile chumba cha uani tulicholala pamoja tulipokuwa wasichana. Tukakaa sakafuni tukalia mpaka tukachoka. Kisha tukaanza kuzungumza, na mazungumzo yetu yote yakahusu mwaka mmoja tu, ule tulioishi humo.

Chumba hicho nilikipanga nilipotoka Marafa kuja kusomea useremala katika chuo cha ufundi kilichokuwa upande wa Ganda. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama jiko la Bi Rukia, kitanda cha kamba, na kuta zilizopakwa chokaa iliyokuacha mweupe mgongoni ukiegemea. Wiki ile ile niliyohamia, mwenye nyumba, Mzee Athmani, aliletewa mtoto wa ndugu yake kutoka Mambrui, ndiye Saumu, naye akawekwa chumba kimoja nami. Mzee Athmani alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la zamani. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kupima kila kitu kwa shubiri hata alipokuwa amekaa tu anazungumza. Mpango wake ulijulikana na nyumba nzima: Saumu asomee ushonaji katika chuo kile kile nilichokuwa nikienda mimi, kisha awekewe cherehani kwenye pembe ya duka, wateja wanunue kitambaa na kushonewa papo hapo. Alilizungumzia jambo hilo kila jioni akinywa kahawa yake, na Bi Rukia, mkewe, akimjibu kutoka jikoni, "Inshallah, inshallah," huku akikuna nazi.

Na kweli, siku za mwanzo Saumu alikaa darasa la ushonaji. Kisha mchana mmoja alikuja karakana kuniletea maji ya kunywa. Mwalimu wetu, Mwalimu Charo, mtu mnene mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, alikuwa akituonyesha namna ya kuunganisha mbao mbili bila msumari, moja imechongwa ulimi na nyingine imetobolewa tundu. Aliuingiza ulimi tunduni, akaupiga kwa kiganja, kisha akaushika ubao mmoja na kuunyanyua mwingine hewani. Haukutikisika.

"Na ukitaka kuutoa?" Saumu akauliza pale mlangoni.

Wavulana wakageuka. Mwalimu Charo akamtazama. "Hautoki, mwanangu. Ndiyo sababu tunapima kabla ya kukata."

"Hebu niushike."

Akaushika, akauzungusha, akapitisha kidole kwenye ule mshono wa mbao kama mtu anayetafuta pa kupenya. Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama kwenye meza yangu ya kazi. Mwalimu Charo alimuuliza kama nyumbani wamekubali, naye akasema ndiyo, bila kupepesa macho. Njiani tukirudi nilimshika mkono nikamwambia, "Saumu, nyumbani wanajua?"

"Watajua nikishaijua kazi. Nikiwaambia sasa wataniondoa kabla sijashika hata msumeno."

Nilikuwa na hofu kumshinda yeye, nami sioni haya kusema hivyo. Yeye alikuwa damu yao. Mimi nilikuwa mpangaji, Mgiriama kutoka bara, niliyepewa kitanda na sahani katika nyumba ya watu wa mji, na msichana wa kwanza kuwahi kukaa kwenye karakana ile. Likifumuka, nani ataambiwa alimpoteza mwenzake? Kila asubuhi Saumu alitoka nyumbani amevaa buibui juu ya ovaroli. Tukifika chuoni alilivua chooni na kulikunja vizuri ndani ya mfuko. Jioni tulisimama nyuma ya choo hicho hicho tukikung'utana vumbi la mbao mabegani na mgongoni kwa khanga, nikimkagua nywele, masikio, kucha. Kisha tukatembea kurudi mjini, yeye akinifundisha la kusema nikiulizwa kuhusu darasa la ushonaji: leo wamefundishwa kola, leo mikono, leo mifuko.

Hata leo nikisikia mtu akikohoa nyuma ya pazia huacha kutafuna. Nyumba ya Bi Rukia ilikuwa na pazia zito kati ya ukumbi na ua. Mzee alikula upande wa ukumbini, sisi wanawake tukala uani mbele ya jiko, na kila neno lilipita. Tulikula vizuri mno nyumba ile: mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi na samaki wa kupaka jioni, na siku za Ijumaa pilau iliyonukia hadi barabarani. Lakini nilikuwa nikimeza huku nikisikiliza. "Rukia," sauti ya Mzee ingesema. "Muulize Saumu kama ameshafika kwenye kukata kanzu."

"Anakula, Mzee. Mwache mtoto ale."

Kisha cherehani ikaja. Mzee aliileta mwenyewe kwa mkokoteni, mpya, nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni, akaiweka ukumbini penye mwanga. Siku hiyo hiyo akamkabidhi Saumu kitambaa cheupe cha kanzu. "Kazi yako ya kwanza iwe yangu," akasema. Saumu alibusu mkono wake. Chumbani alikaa kitandani na kile kitambaa magotini, uso umempauka, akaniuliza, "Kadzo, nifanyeje?" Tulichofanya ni kukipeleka chuoni kwa Halima, msichana wa darasa la ushonaji mwenye mkono mwepesi, naye akaishona kanzu ile kwa sharti kwamba Saumu amtengenezee kigoda cha mama yake. Kanzu ikatoka nzuri kuliko tulivyotaka. Mzee Athmani aliivaa Ijumaa, akarudi kutoka msikitini uso umemeremeta. Nilimsikia nyuma ya pazia akimhadithia mkewe: fulani ameisifu, fulani ameuliza ni fundi gani, imamu mwenyewe ameshika kola akaitazama. "Nimewaambia ni mtoto wangu. Mtoto wangu mwenyewe, sikusema wa ndugu yangu." Saumu, aliyekuwa akiosha vyombo, aliacha mikono ndani ya maji.

Tulidhani tumepona, kumbe tulikuwa tumejifunga. Watu wakaanza kuleta vitambaa. Mzee akawa anasema Idi ikikaribia atataka kukaa kitini amtazame mtoto wake akishona, aifurahie kazi. Saumu alitoa kila udhuru: mafunzo hayajafika hapo, sindano si yenyewe, macho yanamuuma. Kila udhuru ulipokubaliwa kwa upole ndivyo alivyozidi kukonda. Nilimwambia, aseme sasa. Akaniambia bado kidogo, tunajifunza kuezeka, akishajua kuezeka atasema. Tulikuwa tukizozana chini kwa chini, midomo masikioni, huku Bi Rukia akipitapita uani na sufuria zake.

Siku moja tulirudi tukamkuta Bi Rukia ameketi kwenye ngazi ya jikoni. Mbele yake palikuwa na mbuzi yake ya kukunia nazi, mguu mmoja umevunjika. Mzee alikuwa dukani. Bi Rukia akaisukuma ile mbuzi kwa mguu hadi mbele ya Saumu.

"Nitengenezee."

"Mimi, mama?"

"Wewe."

Saumu akanitazama. Bi Rukia akaingiza mkono mfukoni mwa dera lake, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja changu, si cha Saumu. Lilikuwa randa moja, ule utepe mwembamba wa mbao unaojikunja kama nywele za mtoto baada ya kupigwa randa. "Hilo limetoka kwenye pindo la buibui la huyu," akaniambia. "Nafua nguo za nyumba hii. Nimeokota mengi. Cherehani haitoi maranda."

Nilitaka kuzungumza, akaninyamazisha kwa kidole. "Sijauliza kitu. Msinijibu." Akaingia jikoni kukaanga vitunguu. Saumu aliutengeneza ule mguu jioni hiyo kwa patasi yangu, akauingiza ulimi kwenye tundu bila msumari, akamrudishia. Bi Rukia alikaa juu ya mbuzi yake, akajitikisa kushoto na kulia kwa uzito wake wote, akachukua nusu ya nazi akaanza kukuna. Kuanzia siku hiyo hofu yangu iliongezeka, kwa maana sasa alikuwepo wa tatu aliyejua, na sikujua yeye atasimama upande gani siku ya siku.

Siku hiyo ilikuja miezi ya kusi, upepo unavuma kutwa. Wanafunzi wa uashi walikuwa wamemaliza kuta za karakana mpya pale chuoni, na sisi wa useremala tulikuwa tukisimamisha kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba mabati. Ilikuwa kazi yetu kubwa ya mwaka. Kenchi zote zilikuwa zimesimama ila ya mwisho, ile ya pembeni. Mimi nilikuwa juu ya ukuta, nimeshika mguu wake. Saumu alikuwa kileleni, ametanua miguu juu ya kenchi iliyokwisha fungwa, nyundo mkononi, tayari kupigilia ubao wa kuziunganisha hizo mbili. Chini wavulana wawili walishika kamba, kila mmoja upande wake, wakiizuia isilale. Upepo ulikuwa ukiisukuma na kuiachia, kuisukuma na kuiachia, nami nilihisi uzito wake kwenye viganja.

Mzee Athmani aliingia lango la chuo amevaa ile kanzu, amebeba sahani ya halua iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikuja kumshukuru mwalimu wa ushonaji. Hatukujua. Baadaye Halima alitueleza: aliingia darasani, akatoa salamu, akasema amekuja kumpa mkono mwalimu aliyemfundisha mtoto wake Saumu. Mwalimu wa ushonaji, mama wa watu asiyejua lolote, alicheka akasema, "Saumu? Huyo alitukimbia zamani, mzee. Yuko juu pale."

Nilimwona akitokea uwanjani. Alisimama, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua. Kisha akaita, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Saumu! Shuka!"

Mvulana wa kamba ya upande wangu aligeuka kutazama ni nani. Kamba ikalegea. Upepo ukaja wakati huo huo. Kenchi ikaniinamia, mbao zikalia, na mguu wake ukanipiga kifuani, nikarudi nyuma mpaka kisigino changu kikapita ukingo wa ukuta. Nyuma yangu hapakuwa na kitu isipokuwa mawe yaliyobaki ya ujenzi. Saumu alitupa mkono wake wa kushoto akaikumbatia ncha ya kenchi, mwili umelala nusu hewani, nyundo bado iko mkono wa kulia.

"Shuka, nakwambia!"

"Siwezi, ami! Nikiiachia itamwangukia Kadzo!"

Yule mvulana alivuta kamba kwa pupa, ikamteleza mikononi. Nilisikia sahani ikivunjika. Nilipotupa macho chini nilimwona Mzee Athmani amekwisha ishika ile kamba, ameizungusha mkononi, visigino amevichimba mchangani, anaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na kanzu ile nyeupe inapepea kama bendera. "Vuta, mzee!" Mwalimu Charo alipiga kelele akikimbia. "Usiachie! Saumu, piga msumari! Piga!"

Akapiga. Pigo la kwanza lilikosa, la pili likaingia, akaendelea kupiga huku akilia kwa sauti, mpaka ubao ukashika pande zote mbili. Kenchi ikatulia. Nilipiga magoti juu ya ukuta, nikabaki hapo hapo.

Tukashushwa. Viganja vya Mzee Athmani vilikuwa vimechunika, damu imepaka mikono ya kanzu. Halua ilikuwa imetapakaa mchangani. Mwalimu Charo akamwambia, "Mzee, umetuokolea watoto." Mzee akamtazama.

"Ulimuuliza kama nyumbani tunajua?"

"Nilimuuliza. Alisema mnajua."

"Kumbe hakunidanganya peke yangu." Kisha bila kumtazama Saumu akasema, "Chukua buibui lako."

Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele, sisi nyuma. Nyumbani Bi Rukia alimwosha viganja kwa maji ya chumvi. Tuliambiwa tuingie chumbani, nasi tukaketi kitandani tumeshikana mikono, tukiyasikia yote kupitia pazia.

"Niliivaa kanzu ile msikitini," alikuwa akisema. "Nilisimama mbele za watu. Amenivisha uongo, Rukia. Angeniambia, ningekasirika, ningekataa, lakini ningekuwa mtu aliyeambiwa."

"Hilo ni kweli."

"Na juu ya paa. Mtoto wa kike, juu ya paa, kati ya wavulana."

"Ulishika kamba kwa nini?"

"Ningeacha wafe?"

"Nakuuliza tu."

"Kesho anarudi Mambrui," akasema. "Baba yake ataamua."

Hakumkemea, hakumgusa. Asubuhi Saumu aliondoka na ndugu yake mmoja aliyekuja kumchukua, na mimi nikaitwa ukumbini. Mzee Athmani alikuwa amefungwa viganja vyote viwili. "Mwanangu," akaniambia, "sina ugomvi nawe. Uongo ule haukuwa wako. Lakini siwezi kukuona kila siku. Tafuta pahali pengine." Nikamwambia, "Nimekuelewa, baba." Bi Rukia alinifungia mkate wa sinia kwenye khanga, akanisindikiza hadi mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mtihani wenu lini?"

Nilihamia nyumbani kwa Mwalimu Charo, nikilala kwenye ghala lao la mahindi. Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu kuliko yote niliyowahi kuyaona. Mwalimu Charo alikwenda Mambrui kuomba radhi na kumwombea Saumu arudi, akarudi jioni amechoka, akasema walimpokea kwa heshima, wakampa chai, wakamwambia hapana. Meza ya Saumu ilikaa tupu karibu na yangu. Wavulana walitaka kuitumia, Mwalimu akakataa. Kulikuwa na minong'ono kwamba Saumu anaposwa, na mingine kwamba hata mimi nitaondolewa, maana wasichana wameleta balaa chuoni. Nilifanya kazi kichwa kimeinama. Kila nilipopanda juu ya ukuta nilitafuta kwanza cha kushika, na sikumwambia mtu kwamba naogopa, kwa sababu nilijua jibu watakalonipa.

Siku ya mtihani tulipewa mbao na mchoro: kila mtu atengeneze mlango na fremu yake, autundike kwenye bawaba, ufunguke na kufungika kabla jua halijatua. Msimamizi alikuwa mgeni, mtu mkavu mwenye miwani, aliyeletwa kutoka nje ili asimpendelee mtu. Alikuwa anataka kufunga mlango wa karakana ndipo tuktuk ikaingia uwanjani. Akashuka Bi Rukia, anahema, na nyuma yake Saumu katika ovaroli. Hakuwa amevaa buibui juu yake. Lilikuwa limekunjwa mkononi mwa shangazi yake— la, nimezoea kumwita hivyo kwa sababu ya alivyomtendea Saumu. Alikuwa mke wa ami yake tu, hana hata tone moja la damu naye.

"Mama, wageni hawaruhusiwi," akasema msimamizi.

"Siingii ndani," akasema Bi Rukia. Akachukua kipande cha gogo, akakiweka mlangoni, akakaa. "Nipo hapa nje. Anayetaka kumtoa huyu ataniruka mimi kwanza."

Alichokifanya asubuhi hiyo sikukijua miaka yote hii. Saumu ndiye aliyenieleza siku ya mazishi, sakafuni mwa chumba chetu, na yeye mwenyewe aliambiwa na baba yake alipokuwa mgonjwa sana. Bi Rukia alikwenda Mambrui peke yake, bila kumuaga mumewe. Aliketi mbele ya shemeji yake akasema: "Nampeleka kwenye mtihani. Nikikurudishia ameanguka, muozeni leo leo, sitafungua mdomo tena. Akifaulu, mnaniachia mimi." Na shemeji yake, ama kwa mshangao ama kwa kuamini kwamba msichana aliyekaa majuma yote hayo bila kushika chombo hawezi kufaulu, akakubali. Wala Bi Rukia hakumwambia Saumu neno la mapatano hayo. Alimwambia tu, "Vaa, twende."

Nashukuru hatukujua. Hali ilivyokuwa ilitosha. Mikono ya Saumu ilikuwa imelainika nyumbani, na msumeno ulimtoa malengelenge mapema. Alikuwa nyuma yetu sote. Adhuhuri ilipita, wavulana wakaanza kuunganisha fremu zao, yeye bado anapiga randa. Kisha, baada ya sala, nilisikia hatua uwanjani na sauti ninayoijua.

"Rukia."

"Karibu, Mzee."

"Umetoka nyumbani kwangu bila kuniambia."

"Ndiyo. Nimekukosea, na nyumbani tutazungumza. Sasa kaa, au simama, lakini usimwite."

Karakana nzima ilinyamaza. Saumu alikuwa akichimba tundu kwa patasi, akageuza kichwa. Patasi ikateleza. Ubao ukapasuka kutoka tunduni hadi mwisho, mlio wake ukasikika kama kofi. Alisimama akiutazama. Msimamizi alitazama saa yake. Mzee Athmani alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya mkewe, viganja vyake vina makovu mapya, naye aliuona ule ubao vizuri kama nilivyouona mimi.

Sikuruhusiwa kumsaidia. Nilichoweza ni kuendelea kupiga randa yangu ili pasiwe kimya. Mvulana wa pili akafanya hivyo hivyo, na wa tatu, mpaka karakana ikajaa kelele tena. Chini ya kelele hizo Saumu aliweka kando ubao uliopasuka, akachukua mwingine, akapima. Akapima tena. Akakata. Hakuinua kichwa tangu hapo. Jua lilikuwa limeingia kwa mlango likapita juu ya bega la Bi Rukia, ambaye hakuwa amenyanyuka hata kunywa maji, na Mzee Athmani alikuwa bado wima pale pale, hajaketi na hajaondoka.

Saumu alikuwa wa mwisho kutundika mlango wake. Alikaza bawaba ya chini amepiga magoti, damu ya malengelenge imechora alama kwenye mbao mpya. Akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Msimamizi akaja, akaweka pima maji juu ya fremu, akainama, akachungulia upenyo kati ya mlango na fremu kutoka juu mpaka chini. Akaufunga. Akaufungua. Akauacha katikati aone kama utajiendea wenyewe. Haukwenda popote. Matokeo hakuruhusiwa kuyasema, lakini alivua miwani akaifuta, na Mwalimu Charo aliyekuwa nje dirishani akapiga ukuta kwa ngumi.

Ndipo Mzee Athmani akaingia. Alimpita mkewe, akampita msimamizi ambaye safari hii hakumzuia, akasimama mbele ya ule mlango. Aliupima kwa shubiri, kwenda juu, kisha upana, kama afanyavyo siku zote. Akaweka kiganja chake chenye makovu juu ya mbao, akausukuma pole pole mpaka ukaingia mahali pake kimya kimya. Saumu alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumgusa. Mzee hakugeuka upande wake. Alinigeukia mimi.

"Kadzo," akasema, "mwambie mwenzako, mlango wa duka unakwama mvua zikinyesha. Aje autazame."

Nilimtazama Saumu. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, na alikuwa akijaribu kuyafuta kwa mkono uliojaa vumbi.

"Mwambie ami," akasema, "nitakuja na vyombo vyangu."

"Anasema atakuja na vyombo vyake," nikasema.

"Nimesikia," akasema Mzee Athmani.